Kadi ya Sirad na Tumbo la Wifi

Kuna watu wanajulikana Alum Rock, mtaa wa Birmingham, kwa duka lao, wengine kwa sauti yao, na mmoja kwa sababu aliwahi kumrushia mwenye buchari kilo mbili za maini. Sirad alijulikana kwa mkono. Mkono wa kulia. Bili ikitua mezani, hata kabla mhudumu hajatoa kidole chake kwenye kile kisahani, mkono wa Sirad ushafika, kadi ya rangi ya dhahabu imebanwa kati ya vidole viwili, na mdomo unapiga kelele, "Wallahi hamlipi! Wallahi hakuna mtu analipa hapa!"

Wakamwita Sirad Kadi. Alipenda. Mwanzoni.

Alizaliwa Garissa, akalelewa Eastleigh, akakaa Uholanzi miaka sita akijifunza kuendesha baiskeli akiwa amevaa buibui bila kufa, kisha 2011 akaingia Birmingham na mume wake Sahal, cherehani moja, na Kiswahili ambacho baridi ya huko kote ilishindwa kukigandisha. Kazi yake ilikuwa Longbridge, kwenye kibanda cha kurekebisha nguo: kupunguza suruali, kubadilisha zipu, kupanua gauni la mtu aliyeapa kwamba gauni ndilo limepungua. Kibanda kilikuwa cha Auntie Narinder, mama wa Kisikh aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kikali kuliko mkasi wake.

Kadi yenyewe alichukua 2014. Ilikuwa ya mkopo, lakini ile aina inayokurudishia kitu: ukitumia pauni mia, benki inakurudishia pauni moja. Hiyo ndiyo cashback. Wanakujumlishia ya mwaka mzima, wanakuwekea kwa mpigo mwezi wa pili. Ada yake pauni ishirini na nne kwa mwaka, inakatwa kila tarehe moja Machi. Deni la kila mwezi Sirad alilipa lote, halijawahi kulala hata siku moja, na riba hakuwahi kulipa hata peni. Hilo alilieleza mara mia, kwa sababu wifi yake Hamdi, dada mkubwa wa Sahal, alikuwa na wimbo wake.

"Sirad, abaayo, dada yangu, hiyo kadi ni ya riba."

"Silipi riba, Hamdi."

"Ni ya riba tu."

"Nalipa yote kila mwezi. Benki ndiyo inanilipa mimi."

"Eeh, Mungu atusamehe," Hamdi anasema, huku anajivutia sahani ya mbuzi iliyolipwa na kadi hiyohiyo.

Sasa lazima ujue vita vya bili. Wanawake wa kundi la Sirad na Hamdi hawagawani bili, hiyo ni aibu, hiyo ni ya watu wasiojuana. Wanapigana. Mmoja anashika mkono wa mhudumu, mwingine anatumbukiza noti kwenye mkoba wa mwenzake, mwingine anajifanya anaenda chooni kumbe anaenda kaunta kulipa kimyakimya. Aliyeshinda ameshinda, hadai hata senti, hata kwa utani. Na aliyeshindwa anajua moyoni kwamba safari ijayo ni yake kushinda. Ndivyo inavyozunguka. Hakuna anayeandika, kila mtu anakumbuka.

Isipokuwa Hamdi. Hamdi hakuwahi kushinda hata siku moja. Alikuwa anapigana, usiseme hakupigana! Anapiga kelele kuliko wote. Lakini mkono wake ukishaingia kwenye ule mkoba mkubwa wa kahawia unapotelea huko kama mtu anayetafuta pini kwenye mchanga, na zipu ya pochi, masikini, kila mara imekwama. Ikija kufunguka, Sirad ameshalipa. "Ah, Sirad! Umeniwahi tena!"

Miaka minne zipu ile ilikwama. Na Sirad, fundi wa zipu, hakushtuka.

Barua ya benki ilikuja Januari 2018. Barua nzuri, karatasi nzito, ya adabu kabisa, ile adabu ya mtu anayekuibia huku anakufungulia mlango. Walisema wamefurahi sana kumtangazia mabadiliko. Kuanzia tarehe moja Machi, kwa kila pauni mia atarudishiwa nusu pauni badala ya moja. Na ada itapanda kutoka ishirini na nne hadi thelathini na sita. Kama hayapendi mabadiliko, afunge kadi kabla ya tarehe hiyo, hatatozwa kitu.

"Wananipunguzia na wananiongezea kwa barua moja," Sirad alimwambia Auntie Narinder. "Wana roho ngumu hawa!"

"Mimi sikuulizi roho zao," Narinder alisema, pini tatu mdomoni. "Nauliza hesabu. Bado inalipa au hailipi?"

"Inalipa! Mwaka huu napata themanini na sita."

"Kwa masharti ya zamani. Ya mpya je? Chukua chaki hiyo, wewe. Usiniletee hasira, niletee namba."

Basi Sirad akatandaza karatasi ya kukatia mitindo, akafungua taarifa za mwaka mzima kwenye simu, akaanza kuandika kwa chaki ya fundi. Ametumia jumla pauni elfu nane na mia sita. Kwa masharti mapya hiyo ni cashback ya arobaini na tatu. Toa ada thelathini na sita. Zinabaki saba.

"Saba ni saba," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Hii nayo ni nini?" Narinder aliweka kidole kwenye mistari iliyokuwa inajirudia. Mkahawa. Mkahawa. Nyama choma. Mkahawa. Nyama choma tena.

Sirad akajumlisha hiyo peke yake. Alijumlisha mara mbili, akabadilisha chaki akidhani chaki ndiyo ina matatizo. Pauni elfu moja na mia nne. Akaiondoa kwenye jumla. Zikabaki elfu saba na mia mbili, ambazo cashback yake ni thelathini na sita kamili. Toa ada.

Sifuri.

Hata pasi ilionekana kama inasikiliza.

"Kwa hiyo," Narinder alisema polepole, akitoa pini moja mdomoni, "ukiacha kuwalisha, kadi haina faida. Ili upate hizo saba, lazima uendelee kununua mbuzi wa elfu moja mia nne."

"Sikula peke yangu!"

"Nani mwingine analipa?"

Sirad alifikiri. Shurie alishawahi kushinda mara tatu. Mama Keinan, mkubwa wao, mara nne, na mara moja aliumia kidole. Wote walikuwa wanazunguka. Akabaki mmoja tu. Akakumbuka ule mkoba wa kahawia.

Bado anakumbuka, simu ikalia. Grupu la wanawake la WhatsApp, watu kumi na mmoja. Ujumbe wa sauti wa Hamdi. Sirad akaubonyeza, mikono imejaa chaki, sauti ikatoka kwa spika kibanda kizima:

"Shurie, walaal, usihangaike na pesa. Ile siku ya binti yangu Rukiya hakikisha tu Sirad amekuja. Kadi itaruka yenyewe, ile haijui kutulia! Wewe agiza mbuzi, mwache mwenye riba alipe riba yake." Halafu kicheko. Kile kicheko cha Hamdi, kama birika linalochemka.

Dakika mbili baadaye ujumbe ukatoweka, likabaki lile neno la aibu: umefutwa. Hamdi alitaka kumtumia Shurie peke yake, akabonyeza grupu.

Ulifutwa kwenye simu. Kwenye kifua cha Sirad haukufutwa.

Narinder alimwangalia. "Utamtukana?"

"Nimtukane kwa nini?" Sirad alikunja ile karatasi vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka ndani ya mkoba. "Matusi ni bure. Huyu atalipa."

Nyumbani Sahal alipewa habari yote akiwa anakula, akafanya kosa la kusema, "Ni dada yangu, nifanye nini?"

"Wewe? Wewe usifanye kitu. Kula. Hicho chakula nimelipa cash."

Kwenye grupu Hamdi akaweka mwaliko rasmi, kwa maandishi na maua mengi: binti yake Rukiya amepita mtihani wa kuendesha gari, mara ya nne alhamdulillah, na yeye Hamdi anawaita wote chakula cha mchana Jumamosi tarehe ishirini na nne Februari, pale pa nyama choma Alum Rock. Sirad akajibu wa kwanza. Akatuma moyo mwekundu. Moyo wenye meno, lakini WhatsApp haionyeshi meno.

Wiki nne alikaa kimya. Si rahisi. Alikuwa anakanyaga cherehani kana kwamba Hamdi yuko chini ya ile pedali. Wateja wa Longbridge hawajawahi kupata suruali haraka hivyo. Kila jioni kwenye treni ya kurudi mjini alijaribu sentensi, anazipima kama nguo: hii inabana, hii ina mikono mirefu, hii itampendeza sana Hamdi.

Tarehe ishirini Februari cashback iliingia, pauni themanini na sita. Sirad akaitoa yote, akalipa deni lililobaki, akaiacha kadi na sifuri. Jumamosi asubuhi akapiga simu benki. Alipokea kijana mmoja mstaarabu, akajitambulisha kama Albert.

"Tunasikitika kukupoteza, bibi. Naweza kukuuliza sababu?"

"Mmenipunguzia nusu na kuniongezea nusu kwenye barua ya kunipongeza."

"Kweli, lakini," Albert alisema, na ukisikia mtu wa benki anasema lakini, kaa imara, "naweza kukupunguzia ada ya mwaka huu. Iwe kumi na nane tu."

Kumi na nane. Mkono wa kulia ukawasha. Alitazama ile karatasi ya chaki iliyotandazwa mezani, akaona sifuri imegeuka kumi na nane, faida ya kumi na nane, kumi na nane tamu! Halafu akaona mistari ile. Mkahawa. Nyama choma. Mkahawa. Akajijua. Kadi ikibaki mkobani, itaruka. Hamdi alisema kweli kuhusu hilo, na hilo ndilo lililouma kuliko yote.

"Albert, mwanangu," alisema, "wewe huna kosa. Funga."

Alipoambiwa imefungwa akachukua mkasi mkubwa wa Narinder, ule wa kukata makoti, aliouomba kwa siku mbili. Kadi ikalia kama mfupa wa kuku. Vipande viwili akaviweka kwenye kimfuko kidogo cha vifungo, akavaa dirac, lile gauni lake refu la kijani, akapaka wanja, akatoka.

Saa nane mchana walikuwa wamekaa, wanawake kumi na mmoja na Rukiya mwenyewe, funguo za gari shingoni kama nishani. Hamdi kichwani mwa meza, anang'aa.

"Agizeni, agizeni," Hamdi alisema, kisha akamwinamia Sirad. "Wewe kaa hapa karibu na mimi, abaayo. Karibu na mlango."

Karibu na mhudumu, alimaanisha. Sirad akakaa.

"Mimi naanza," Sirad akamwambia mhudumu. "Bega la kondoo. Zima. Lete mawili."

"Mawili?" Hamdi alisema.

"Wifi yangu ametuita! Mnataka aonekane mnyonge? Shurie, kwa nini unaangalia saladi? Mama Keinan, wewe unapenda samaki, chukua samaki. Chukua na wa kubebea mzee nyumbani. Rukiya, binti yangu, mara nne si mchezo, kunywa ile juisi yenye mwavuli."

Hamdi akacheka. Alicheka kwa raha, kwa sababu katika akili yake bega la pili lilikuwa la Sirad. Akaongeza hata maini, akaongeza kuku, akamwambia mhudumu alete ule wali wa zafarani. Sirad alimpakulia kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, wifi. Kula ushibe. Siku yako hii."

Bili ikaja. Pauni mia tatu na kumi na nane.

Kisahani kikatua. Macho kumi na mawili, kumi na sita, ishirini, yote yakageukia mkono wa kulia wa Sirad. Mkono ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Ukakipeleka mdomoni. Ukakirudisha.

Hamdi mwenyewe alikuwa ameshaingiza mkono mkobani, ameshaanza kelele, "Aa-aa, leo mimi, leo wallahi ni mimi!" huku anasubiri kuwahiwa. Hakuwahiwa. Kelele zikakosa mtu wa kuzijibu, zikafia hewani.

Shurie, masikini, kwa kuona kimya kinachoma, akafungua pochi yake. Hapo ndipo Sirad aliruka. Chai ilimwagika. Alimdaka Shurie mkono kama polisi.

"Rudisha hiyo!"

"Lakini, abaayo..."

"Wallahi hulipi! Wallahi leo hakuna mtu atalipa kwenye meza hii isipokuwa Hamdi! Mtoto ni wake, furaha ni yake, ametuita kwa mdomo wake na maua juu. Mnataka kumvunjia heshima mbele ya binti yake?"

Meza ya pembeni iligeuka. Mhudumu alirudi nyuma hatua moja. Mama Keinan alifuta mdomo kwa kitambaa, akatikisa kichwa taratibu.

"Kiapo kishatoka," alisema. "Hakuna wa kumvunjia Sirad kiapo. Hamdi, lipa, mwanangu, tuombe dua."

"Nalipa! Si nalipa!" Hamdi alikuwa mkobani mpaka kwenye kiwiko. "Ni hii zipu tu, hii zipu imekwama..."

"Lete," Sirad alisema.

"Hapana, hapana, itafunguka..."

"Hamdi. Mimi ni fundi."

Akaichukua ile pochi, akaishika juu meza yote ione, akavuta. Zipu ikafunguka mara moja, laini, bila hata kukwaruza. Miaka minne ilikuwa nzima.

Rukiya alikohoa ndani ya mwavuli wa juisi. Shurie aliangalia dari. Hamdi akamwinamia Sirad, akanong'ona, sauti imekuwa ya asali: "Sirad, dada, sikiliza. Weka kadi yako, upate ile cashback yako. Mimi kesho nakuletea cash mkononi."

Hapo, kusema kweli, vidole viwili vya Sirad vilisogea vyenyewe. Mazoea ni ugonjwa. Akavipeleka kwenye kile kimfuko cha vifungo, akakimimina juu ya kisahani cha bili. Vipande viwili vya dhahabu vikalia, ti, ti.

"Ile ya riba?" alisema kwa sauti ya kila mtu. "Nimetubu, wifi. Asubuhi ya leo. Uliniambia kwa muda mrefu sana, mpaka ile sauti yako ikanifikia."

Wanawake tisa waliosikia ule ujumbe kabla haujafutwa wakatazama sahani zao kwa wakati mmoja. Hamdi akaelewa kwamba wote wanajua. Alilipa kwa kadi ya kawaida, akakosea namba ya siri mara moja, akaipata mara ya pili. Mama Keinan akaomba dua ndefu, akamwombea mwenye kutoa aongezewe, na Sirad ndiye aliyesema amina kwa nguvu kuliko wote.

Ungedhani imeishia hapo. Hata Narinder alidhani, Jumatatu, aliposimuliwa mpaka pini zikamtoka mdomoni. Lakini Jumanne Hamdi alipiga simu. Pauni mia tatu na kumi na nane zilikuwa zimemkaa kooni.

"Sirad, ile kadi yako. Ulikuwa unapata ngapi?"

"Mwaka huu? Themanini na sita."

"Themanini na sita! Bure?"

"Kuna ada."

"Ah, kila kitu kina ada. Na riba je?"

"Ukilipa yote kila mwezi, hakuna."

"Basi si riba," Hamdi alisema, kwa sauti ya mtu aliyesomea. "Inaitwaje? Niombe na mimi."

Sirad akamtajia jina la kadi, herufi kwa herufi. "Watakuletea barua. Isome kabla hujasaini."

"Nisome nini, wewe si ushasoma?"

Hakuulizwa kingine. Hakujibu kingine. Alikata simu akakanyaga pedali ya cherehani, na siku hiyo alishona polepole, kwa raha, mishono midogo midogo.

Mwezi wa nne Shurie aliwaita kina Mama Keinan kula palepale. Bili ilipotua, mkono mmoja ulipita juu ya wali, juu ya chai, juu ya kichwa cha Shurie, kadi ya dhahabu mpya kabisa kwenye vidole viwili.

"Wallahi hamlipi!" Hamdi alipiga kelele. "Leo ni mimi! Napata cashback!"

"Aa-aa, Hamdi, haiwezekani!" Sirad alimvuta mkono wa gauni. Alimvuta mara tatu, si zaidi, kwa nguvu ya mtu anayetoa uzi kwenye sindano. Kisha akashindwa, akakaa, akapumua kama aliyechoka sana.

"Umeniwahi, wifi," alisema, akamgeukia mhudumu. "Kabla hujafunga hiyo bili, niwekee bega moja la kondoo. La kubeba."